Mchezo wa Parokiani

Dada Kunegunda,

Ugali nimeufunika, maharage yapo kwenye sufuria ndogo. Anua nguo.

Asubuhi ulipouliza leo saa kumi tukaone mchezo upi, shemeji akasema, "Huyu tumpeleke kwenye vichekesho Majengo, labda atatoa sauti." Nikatoka kufua.

~~Vichekesho sawa.~~ Naomba twende parokiani. Ni mchezo ule wa kuigiza niliokuwa nikijifunza darasa la tano, kabla sijaacha shule kumuuguza mama. Alikuwa akipukuchua mahindi kitandani huku akijifanya mfalme, mimi binti yake. Kipande cha mwisho alikataa tukisome. Alisema atakiona siku ya maonyesho.

Nimetangulia kuwashikia viti. Mkiamua vichekesho sitanuna, ila mimi nabaki mpaka mwisho.

Mdogo wako