Ijumaa ya Mtakatifu Yosefu

Voi,
Jumatano, 18 Machi

Mwanangu Calvince,

Pokea salamu za mama yako, nikiomba wewe, Sheila na mtoto Daisy muwe mnaamka vizuri huko Mahoo. Kikohozi cha Daisy kimeisha? Msimwogeshe maji baridi asubuhi. Mimi ni mzima, ni goti tu. Nyumba imenyamaza sana, mpaka nikitoka kufua naacha redio ikiongea, nisikie kama kuna mtu ndani.

Nikuambie ya jumuiya. Juzi tulikutana kwa Mama Mumo, na Mama Ndulu, unaujua mdomo wake, akamuuliza katekista Makau ni nani aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu katikati ya Kwaresima, watu wakiwa na njaa hivi. Tukacheka. Makau akasema hakuna aliyeiweka hapo kututesa. Yosefu ana tarehe yake, kumi na tisa Machi. Pasaka ndiyo inafuata mwezi mpevu, mwaka huu mapema, mwaka mwingine imechelewa, na Kwaresima inahama nayo. Kwa hivyo mfungo ndio unakuja kumkuta Yosefu ameshakaa. Kisha akasema hiyo ni sherehe kubwa, hata ikiangukia Ijumaa nyama inaliwa. Na mgonjwa hakatazwi hata Ijumaa nyingine.

Wenzangu waliendelea kunywa chai. Yangu ilipoa.

Unakumbuka ile Ijumaa, sasa miaka mitano. Marehemu baba yako, Yosefu Nyongesa, alikuwa hajala siku tatu. Ulipoingia na jogoo akainua kichwa, akasema leo ni siku ya somo wake, achinjiwe, apewe firigisi yake kama mwenye nyumba. Nikasema ni Ijumaa ya Kwaresima, ngojeni nikamuulize Padri. Nikarudi nikawaambia Padri amekataa, mpaka Jumapili. Baba yako akasema basi, kama ni Padri. Jumamosi akatuacha. Jogoo akaliwa na waombolezaji.

Tangu hapo hujakanyaga kanisa. Ulisema huwezi kumpigia magoti mtu aliyemnyima baba yako chakula cha mwisho. Daisy anaingia miaka mitatu hajabatizwa, na Sheila akinipigia simu analia.

Calvince, Padri hakukataa. Sikumwuliza. Nilifika kwenye lango la parokia nikawakuta wale akina mama wa kwaya. Nikaogopa watanicheka, mke asiyejua hata mfungo ni nini, anatafuta ruhusa ya nyama Ijumaa. Nikasimama kidogo, nikageuka. Ule uongo niliutunga njiani nikivuka reli. Na miaka hii yote nimekuacha umchukie mtu asiye na kosa, kwa sababu ukimchukia yeye, mimi bado unaniita mama.

Basi hasira yako mwondolee Padri, uniwekee mimi. Usiponipigia simu tena nitaelewa. Lakini mtoto mpeleke abatizwe. Si lazima mimi niwepo.

Msalimie Sheila sana, na Daisy mshike shavu kwa niaba yangu. Mungu awalinde hapo mlipo.

Ni mimi mama yako,
Phanice Ajiambo