Tuliomba Watoto, Hatukutaja Ukubwa

Mshauri wetu mpendwa, nakuja kwako mikono kichwani, nisaidie kabla ya Jumapili.

Mimi ni seremala, mke wangu ni mpishi wa shule ya bweni, na tangu tuoane tunamwomba Mungu mtoto, tumefunga, tumekesha, tumepimwa mpaka madaktari wametuzoea, wanasema hatuna kasoro, tusubiri tu, na mimi mwaka ule wa kwanza kwa kiherehere changu nilitengeneza kitanda cha mtoto mchanga nikakiweka chumba cha pili, na humo hajawahi kulala mtu, hata mama mkwe akija analala sebuleni, kwa sababu chumba kina mwenyewe. Mke wangu, mshauri, sijaona mwanamke kama yeye, wenzake wakijifungua ndiye wa kwanza kuwapelekea supu, akirudi hanuni, ananiambia zamu yetu ipo.

Sasa mwezi uliopita mpishi mwenzake alifariki akaacha mabinti wawili ambao baba yao hajulikani alipo, na baada ya mazishi mke wangu akaja nao nyumbani kwa siku chache tu, wanalala kwenye makochi, mkubwa miguu inazidi kochi kiganja kizima, mdogo hugeukageuka usingizini na kila asubuhi tunamkuta sakafuni, na ndugu wa marehemu wanasema hakuna mwenye uwezo wa kuwachukua wote, mjomba atachukua mmoja, mama mdogo atachukua mwingine, nao wanaishi miji tofauti, isipokuwa sisi tukubali kuwalea, na jibu wanalitaka Jumapili hii.

Mke wangu alishakubali, ananisubiri mimi. Juzi aliniomba nikitoe kile kitanda chumbani, nikapandisha sauti, nikamwambia tukiwapa hawa chumba Mungu si ataona tumekata tamaa, aseme hawa wameshatosheka, niwape wengine? Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Mume wangu, tuliomba watoto. Hatukutaja ukubwa." Akaendelea kukunja nguo za wale mabinti. Nawapenda, sitasema uongo, mdogo ameanza kunisubiri mlangoni nikitoka karakana, lakini naogopa kuifungia mlango baraka yetu kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanyeje?

Seremala Mwenye Chumba

JIBU

Seremala, kwanza nikupe pole, halafu nikupe vidonge vyako.

Pole kwa miaka yote hiyo. Umesubiri pamoja na mkeo bila kumnyooshea kidole wala kutafuta wa nje, na kwa hilo nakuvulia kofia. Wako wengi ambao wangeshahama.

Sasa vidonge. Mteja akiagiza kabati kwako, ukampelekea meza kwanza, umefuta oda ya kabati? Mbona basi unamdhania Mola ubahili ambao wewe mwenyewe huna? Unasema unamwachia Mungu wakati wake, kumbe umeshamchagulia wakati, umri na kitanda cha kulalia. Bwana, huko ni kumsimamia kazi!

Kama mkeo atabeba mimba, sijui, wala usimwamini atakayekwambia anajua. Endeleeni kuomba. Ninachojua ni kwamba una chumba kitupu, na Jumapili watoto waliomzika mama yao wanatenganishwa.

Na huyo mkeo! Nilipofika kwenye kauli yake niliweka kalamu chini. Amewapikia supu wenzake waliojifungua miaka yote hiyo na moyo bado una nafasi. Mwanamke wa namna hiyo hapandishiwi sauti. Muombe radhi leo, usingoje kesho.

Jumapili kaeni na mjomba na mama mdogo, waambieni mnawachukua wote wawili. Nendeni ustawi wa jamii mambo yawe ya kisheria, na ndugu wawe huru kuja kuwaona watoto wao. Msiwalazimishe kuwaita baba na mama. Mama yao wanamkumbuka, na ni haki yao. Kile kitanda kidogo usikivunje, kipake mafuta ukiweke juu ya kabati. Siku yake ikifika mtakishusha. Isipofika, mdogo atawalaza humo wanasesere wake.

Na mwisho nikuulize, fundi. Hukunitajia majina ya hao mabinti, wala madarasa yao. Umenitajia kwamba miguu ya mkubwa inazidi kochi kiganja kizima, na kwamba mdogo anaanguka. Nani alikutuma upime? Mwenzangu, wewe umeshawakubali zamani, na barua hii umeandika kuomba ruhusa tu. Basi ruhusa ninakupa. Nenda karakana, chagua mbao nzuri, tengeneza kitanda cha ghorofa.

Mdogo alale chini, na umwekee kizuizi pembeni.