Pampu Inanguruma, Maji Hakuna

Jumatatu, 4 Juni 2007

Nimerudi kazini baada ya wiki mbili za kumzika mama. Chwele saa tatu asubuhi. Pampu imegoma. Yaani inanguruma, lakini mfereji wa sinki mkavu. Tangi limejaa, nimechungulia. Hili gari lilikuwa la watalii, lina kitanda na jiko. Kanisa likaligeuza kliniki ya meno. Bila maji, Sista Rose hang'oi jino. Foleni nzima imerudi nyumbani na mashavu yamevimba. Mama mmoja amenitukana. Ana haki.

Jumanne, 5 Juni

Fundi wa Kibomet ameitazama dakika tano, mikono mfukoni. Ati pampu imekufa, ninunue nyingine. Imekufa na inanguruma? Nimemfukuza. Nimebadilisha klipu zote nikidhani mpira unavuta hewa. Bure. Nimejikata kidole. Jioni nimemgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi.

Jumatano, 6 Juni

Nimeipata. Nimeng'oa kitanda, nikafungua chujio lililojificha nyuma yake. Nyuzi za gunia! Gunia la mahindi. Na matope mekundu. Mtu amejaza tangi la kliniki maji ya mto, akayachuja kwa gunia.

Nimeosha tangi mara nne. Nimezichomoa nyuzi kwenye vali moja moja. Sasa maji yanakuja. Hasira iko palepale. Nilipokuwa likizo, ufunguo alikuwa nao Wafula, dereva mwenzangu. Nimeandikia ofisi barua. Kali. Nimesema mtu kama huyo ataua wagonjwa.

Alhamisi, 7 Juni

Wafula ameitwa mbele ya msimamizi, nami nikiwepo. Ameulizwa maji ya mto yalikuwa ya nini. Kimya. Anaangalia viatu vyake. Amefutwa kazi. Akitoka amenipa mkono, ati pole na yote. Hana haya! Nimefurahi ameenda.

Jumamosi, 9 Juni

Bokoli, nyumbani. Nasimiyu, mke wa kaka yangu, ameniuliza: "Shemeji, yule dereva wenu ako wapi? Tulitaka kumpatia jogoo."

Jogoo wa nini?

"Si kisima iliporomoka siku ya mazishi! Yeye ndio alituletea maji na hiyo gari ya meno. Mara sita. Watu wote walikunywa chai ya hiyo maji."

Siku ile nilikuwa mochari Webuye tangu alfajiri. Tulipofika na mwili, mapipa yalikuwa yamejaa. Nilinawa. Nilikunywa chai vikombe viwili. Sikuuliza maji yametoka wapi. Mjinga ni mimi. Na Wafula naye mjinga, mdomo alikuwa nao!

Jumapili, 10 Juni

Nimeenda kwa Wafula, Bungoma, baada ya kanisa. Nimemuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema aje, na wewe umekaa hapo?" amesema. "Hiyo maji ilikuwa ya mamako, bana."

Kesho naingia ofisini mapema kuifuta barua yangu. Sijui kama watanisikiliza. Nimemwambia hivyo pia. Mvua imeanza, mkewe ameleta chai. Nimeshika kikombe, nikalia. Sikuwa nimelia tangu mama afe. Wafula amesogeza kiti karibu. Tumekaa hivyo mpaka mvua ikaisha.