Pipa la Kujaribia Injini

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoa pistoni tena. Ringi zimekwisha. Ekai, mwenye boti ya abiria Ziwa Turkana, amechoka na injini yake ya nguvu farasi kumi na tano. Kuvuka ni nusu siku. Sasa amepata hii ya arobaini, kuukuu, kaileta Kakuma niifufue. Anataka mbio. Mimi nataka kitu kimoja: siku ya kuijaribu niwe ndani ya boti. Ameahidi. Miaka tisa katika kambi hii ya wakimbizi sijaona maji yanayozidi ndoo. Kwetu, mji wa Baraka, nilikuwa nikiamka nasikia ziwa.

Jumatano, 5 Machi
Injini ya boti haiwashwi pakavu, itaungua. Mke wangu, Mama Riziki, kapanga foleni bombani tangu alfajiri, madumu kumi. Nimeyamwaga yote kwenye pipa, nikaichovya. Imewaka mara ya tatu. Nimecheka peke yangu. Watoto hawakuoga, na ugali umesongwa kwa maji ya kuomba kwa jirani. Mama Riziki amenuna. Ana haki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba kibali cha kutoka kambini. Kwenye fomu nimejaza Lodwar, maana boti iko huko kwa seremala. Ziwa sikuliandika. Niliogopa maswali. Nikajiona mjanja.

Jumanne, 11 Machi
Kibali kimetoka. Siku tatu kuanzia kesho. Lodwar tu. Nimekisoma mara nne, kana kwamba maneno yataongezeka.

Jumatano, 12 Machi. Lodwar.
Seremala ameongeza ubao wa nyuma, injini hii ni nzito. Nimeifunga, nimekaza bolti zote mwenyewe.
Ekai kafurahi. "Ejok, safi sana, fundi. Kesho ziwani."
Nikamwonyesha karatasi. Njiani kuna kizuizi cha polisi. Akasema nilale chini ya turubai, nani atajua. Nimefikiria sana. Mke na watoto wanne, kadi moja ya mgao; nikikamatwa watakula nini. Nimekataa. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko. Sijakisikia. Najichukia, na karatasi naichukia zaidi.

Alhamisi, 13 Machi
Lori limeondoka na boti asubuhi. Injini inakwenda, fundi anabaki. Nimepanda basi la Kakuma, siku moja ya kibali haijatumika. Ya nini.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada Ekai katuma video. Boti inakimbia, lakini pua imeinuka mno. Nimempigia: shusha pini ya kuinamisha injini, tundu moja. Akashusha, akatuma nyingine. Sasa imetulia juu ya maji, inakata. Abiria wanashangilia. Mama Riziki ametazama nami mara mbili.
Jioni nimemkuta akimimina madumu kwenye pipa. Sita. Maji yote ya leo. Nikamwambia hakuna injini ya kujaribu.
"Najua. Ingia, Baba Riziki."
Nimechuchumaa humo. Maji yamenifika shingoni. Yananuka petroli kidogo.