Gari Alilochagua Kiril kwa Vidole

Plovdiv, mwezi Mei

Mdogo wangu Radostina,

Habari za Valencia? Sisi tu wazima. Mawaridi ya mama yamechanua, nyumba nzima inanukia.

Jumamosi mimi na Kiril tulikwenda kutafuta gari. Tulionyeshwa matatu, bei zake karibu sawa. Unamjua shemeji yako, siku zote huanza na injini. Safari hii hata boneti hakufungua. Katika kila gari aliniketisha kwenye usukani, naye akakaa kando yangu, akafumba macho na kupapasa dashibodi na viti polepole, kama anayesikiliza muziki wa mbali. Harufu ya vitambaa vipya ikanilegeza, nikatamani tusitoke.

"La kijivu linang'aa tu, plastiki yake ngumu," akasema. "Hili la bluu viti vyake laini, na kila kitufe unakijua kwa kugusa. Kwa bei ileile, ndilo."

Muuzaji akacheka. "Mzee wangu, hutaki kulijaribu barabarani?"

"Atalijaribu mke wangu."

"Kiril, mimi sijaendesha tangu binti yetu azaliwe," nikamwambia.

"Utaendesha. Daktari anasema ifikapo Krismasi sitaona tena. Nataka nikae mahali pazuri."

Hakuwa ameniambia, Radostina.

Nikawasha gari. Tukaenda taratibu kando ya mto Maritsa, jua likiingia kwa madirisha yote. Njia nzima hakutazama barabara. Alinitazama mimi.

Dada yako anayejifunza upya kuendesha,
Snezhana