Ng'ombe ya Bweyeye

Gikundamvura, tarehe 7 mwezi wa sita 1998

Kwa mutoto wangu Uwingabire, kule Kamembe,

Nakusalimia sana. Habari ya afya? Siye huku tuko bazima, mimi na mama yako, ni mugongo yake tu inamusumbua wakati wa kupanda muchele. Mimi siumwi kintu. Barua hii naiandika na mukono yangu, siombi muntu aniandikie sawa bazee bengine ba hapa.

Yako nimeisoma, nikairudia. Unasema unataka kuacha kazi ya kupeleleza kesi, uende Butare kusoma sheria. Nakujibu: hapana.

Uwingabire, tulitoka Congo kuja huku Rwanda na sufuria moja na godoro. Ng'ombe zangu zote zilibaki kwa milima ya Uvira, askari bakazikula. Leo mutoto wangu eko na meza, eko na muhuri, dosiye ya kesi ya muntu haiendi mbele kama yeye hajaandika. Nikipita sokoni Bugarama batu banasimama: "Papa wa sheria, umeamkaje?" Sasa unataka nibaambie nini? Kama umerudi kukaa darasani na batoto?

Na ni sheria gani hiyo ya kusoma miaka ine? Mimi nilikuwa kapita kwa shamba ya kinini, ile dawa ya malaria, batu mia chini yangu. Bakigombana nilibasimamisha babili, nikabatazama macho. Yule anaangalia chini, njo mwizi. Sikukosea hata siku moja, na buku sikufungua.

Baki kwa kazi yako. Tena nikuulize: kuna muntu wa Bweyeye anaitwa Adrien, eko gerezani miaka tatu. Dosiye yake imefika wapi? Ni kuuliza tu.

Papa yako,
Kapita Ladislas


Kamembe, 21 Juni 1998

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ni usingizi tu unanipungukia. Mwambie Mama asiiname sana, dereva wa lori la saruji anamletea dawa ya kupaka.

Papa, kabla ya kunipa hiyo meza walinifundisha miezi minne tu. Kisha wakaniweka kuandika maneno ya watu, wale walioua mwaka wa 1994 na wale wanaosingiziwa kuua, na mimi sijui kuwatenganisha. Juzi walikuja mashahidi wawili. Mmoja alikuwa analia, mwingine anacheka. Nilimwamini anayelia. Nilipofika nyumbani nikajiuliza, nilimwamini kwa sababu gani? Watu wanaangalia chini kwa woga pia, Papa, si kwa wizi peke yake. Neno ninaloandika vibaya linaweza kumwacha mtu ndani mpaka afe, ama kumtoa yule ambaye hakupaswa kutoka.

Butare wamenikubali. Wanataka jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Kazini wamesema nikitoka, meza inapewa mwingine siku ileile. Lakini sitaenda bila neno lako. Wewe ndiye uliyekataa niozwe nikiwa darasa la sita, wajomba wote wakikusema. Sijasahau.

Juu ya huyo Adrien, usiniulize tena. Dosiye za watu si habari za nyumbani.

Mtoto wako,
Uwingabire


Gikundamvura, tarehe 12 mwezi wa saba 1998

Mutoto wangu,

Salamu. Dawa ilifika. Mama yako anasema inanuka sawa mafuta ya gari, lakini anapaka, na mugongo inapata nafuu.

Neno langu halijageuka. Kuna batu banangojea kwa sababu yako, na mimi njo nilibapa hiyo neno. Mimi nikishaahidi muntu, nimeahidi. Kama ni lazima uende Butare, maliza mbele ile dosiye ya Adrien, imalizike vizuri, halafu tutaongea. Kuandika karatasi moja, hiyo ni kazi gani? Mama wa batoto analia kule Bweyeye, na wewe eti usingizi unakupungukia.

Tena usinijibu sawa mwalimu. Mimi nilikuzaa.

Papa yako,
Kapita Ladislas


Kamembe, 30 Agosti 1998

Papa,

Natumaini mko wazima. Huku tangu vita ianze tena ng'ambo, kule Congo, malori ya askari yanapita bila kukoma, daraja linafungwa, linafunguliwa. Nimechelewa kwa ajili hiyo, na pia kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Jumamosi, sokoni, Épiphanie jirani yenu alinikumbatia. "Hongera, bibi harusi. Wamekutolea ng'ombe safi." Nikamwambia sijaposwa na mtu. Akacheka: "Basi ile nyeusi yenye mimba iliyo kwa baba yako imeanguka toka mbinguni?" Nikacheka naye. Niliwaza, labda Papa amenitafutia mume bila kuniambia, anaweza.

Jumatatu nikajua. Mwanamke mmoja aliingia ofisini, akawapita wote waliopanga mstari, akanishika mikono yote miwili. "Mimi ni Nyiransabimana, mke wa Adrien. Mzee alikuambia kama ng'ombe ilifika?" Mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Papa, heri ungekuwa umeniozesha kweli. Kama Adrien hana kosa, sasa hakuna atakayeamini, watasema alinunua. Kama ana kosa, mimi nimeuza waliokufa. Dosiye nimenyang'anywa, na hakuna mwingine anayetaka kuigusa. Yule mwanamke alitembea kutoka Bweyeye ili amfungie mume wake mlango, na wewe ndiye uliyemwonyesha njia.

Rudisha ile ng'ombe.

Uwingabire


Gikundamvura, tarehe 6 mwezi wa tisa 1998

Uwingabire,

Siye tuko bazima.

Rudisha, unasema. Wewe ulilelewa wapi? Ng'ombe ikishatolewa hairudi. Kuirudisha ni kumwambia muntu: toka leo wewe ni adui yangu. Yule mwanamuke aliileta na miguu, akalala kandokando ya pori ya Nyungwe, akanipa kamba mbele ya batu, na mimi nikasema yale maneno ya kupokea, yote. Hiyo ni urafiki. Rushwa inafichwa. Mimi niliifunga mbele ya nyumba, kila anayepita aione.

Tena imezaa. Ndama ya kike. Toka Congo sikuwa nimeshika kichwa ya ndama. Mama yako anakunywa maziwa asubuhi, uso yake imerudi. Hiyo njo unataka niondoe?

Na mukuu wako asinitishe, mimi nilikuwa nasema na bazungu bila kutoa kofia. Kama niko na kosa, niandikie: ni sheria gani, na inasema nini, neno kwa neno. Kama hauijui, nyamaza.

Papa yako,
Kapita Ladislas


Kamembe, 13 Septemba 1998

Papa,

Salamu kwako na kwa Mama.

Unaniuliza ni sheria gani. Najua ipo. Kukuandikia neno kwa neno, siwezi, sikufundishwa. Ndiyo sababu nataka kwenda.

Mkuu amesema Jumatatu ya tarehe 21 nikae kwenye meza yangu niandike nani alileta ng'ombe, nani aliipokea, na sasa iko wapi. Kila siku naandika baba za watu. Siku hiyo nitamwandika wangu, na nitaandika kweli. Nikiandika kwamba bado iko kwako, watakuja kukuchukua. Hiyo sitaweza kuizuia.

Kazi hii imekwisha, hata nikitaka kubaki. Butare peke yake ndiyo bado iko mikononi mwako. Nilisema sitaenda bila neno lako. Na mimi pia nikishaahidi, nimeahidi.

Mama anywe maziwa ya leo. Kisha ufunge safari.

Mtoto wako,
Uwingabire


Bweyeye, tarehe 19 mwezi wa tisa 1998

Mutoto wangu Uwingabire,

Nakusalimia. Mimi niko muzima, ni miguu tu imevimba. Lakini nitajie muzee mwingine wa Gikundamvura anaweza kupanda ile njia na ng'ombe na ndama, na mvua juu ya kichwa. Hayuko.

Nilifika kwa Nyiransabimana jana. Alikuwa anachambua maharagi mulangoni. Akaona ng'ombe, akasimama.

"Muzee, unairudisha?"

Nikasema nairudisha.

"Basi Adrien amekufa."

"Hapana, mama. Eko muzima."

"Sasa nilikukosea nini?"

Njia yote nilikuwa natayarisha maneno, maneno ya muntu mukubwa. Yote ilinitoroka. Nikamwambia: mutoto wangu hana nguvu ya kufungua gereza. Nilijua hana. Uliniita mukubwa mbele ya batu, njo nikasema anayo.

Alinitazama macho. Hakuangalia chini hata kidogo. Mimi njo niliangalia chini.

Kamba hakuikamata. Nikaifunga mwenyewe kwa boma yake. Akaniuliza: "Na Adrien, sasa atasikilizwa na nani?" Nikasema mutoto wangu anaenda kusoma sheria. "Miaka ngapi?" Nikasema ine. Akarudi kwa maharagi yake. Hakunipa kiti, hakunipa maji, na ndama ilikuwa inalia pale.

Nimelala kwa konseye, mukubwa wa serikali wa hapa. Nimeandika karatasi mbele yake: mimi Ladislas niliipokea, mimi Ladislas nimeirudisha. Ametia muhuri, iko ndani ya barua hii. Gari ya mapadri inatoka kesho nyuma ya misa, itakufikia mbele ya Jumatatu kama barabara haijakatika. Andika kweli yote. Bakitaka kunikamata, banikute nyumbani, sitakimbia.

Na ile neno unangojea ni hii: nenda Butare. Mambo ya maziwa, mama yako nitamwambia mimi.

Nilimwahidi Nyiransabimana ya kwamba utamuandikia: sheria inasema nini juu ya muntu ambaye dosiye yake kila muntu anakataa kuigusa. Sijui kama alinisikia. Ile yangu pia, ya ng'ombe, bado naitaka, neno kwa neno. Lakini yake uiandike mbele ya yangu.

Papa yako,
Ladislas