Waya wa Mashine ya Kukaushia

Jumanne, Rumonge

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Leo nimenunua waya wa mashine yetu ndogo ya kukaushia nguo. Ule wa zamani uliharibika siku ziwa lilipoingia nyumbani. Mashine tuliiwahi tukaipandisha mezani, waya ukabaki majini. Sasa mvua haikatiki, na nguo za mtoto zinanuka ukungu.

Muuza duka alichukua waya mwembamba, kisha akaurudisha mwenyewe. "Mama, hii ni ya radio, itaungua. Mashine ya moto inataka munene, ya nyaya tatu ndani." Nikakubali. Akauliza, "Kutoka kwa mashine mpaka kwa prizi, iko mbali?" Nikanyoosha mikono bila kufikiri. Hapa mpaka hapa. Akakata.

Nimerudi kwenye hiki chumba tulichopanga huku mlimani, nikauvuta waya. Haukufika kwenye soketi ya ukutani. Kitanda kimeziba njia, na hakuna pa kukisogeza.

"Amekata mufupi yule," nikamwambia mume wangu.

Isidori akaushika waya, akaupima kwa mikono kama nilivyofanya mimi dukani.

"Hapana," akasema. "Hii iko sawa kabisa. Nyuma ya mulango, pale kwa dirisha ya jikoni."

Nilikuwa nimepima nyumba yetu, ile iliyoingiwa na ziwa.

Nguo za mtoto nimezianika tena humu ndani. Kesho nitanunua waya mrefu. Huu sitaurudisha.